Hodi ya Jirani

Chiku aliingia kwa dada yake Tausi, huko Chumbageni, Tanga, asubuhi ya Alhamisi akiwa na ndara mguu mmoja na mguu wa pili peku. Hakupiga hodi. Alipitiliza hadi jikoni, akafungua kabati, akachungulia juu ya friji na nyuma ya pazia, akapekua hata kapu la vitunguu.

"Unatafuta nini, wewe?" Tausi alimuuliza, mwiko mkononi.

"Jirani. Umeliweka wapi?"

"Sina kidude hicho. Nani anataka kukaa nyumba moja na sauti yake mwenyewe ikimtajia bei ya nyanya?"

Hapo ndipo Chiku alipokaa sakafuni na kulia. Alilia kwa pumzi za mkato, mkono wa kushoto kaukumbatia kifuani, ule ambao ulikuwa haujanyooka sawasawa tangu mumewe, Mbaruku, aupinde mwezi wa mfungo. Tausi akaacha mboga ziungue na kumkalia pembeni.

Alipotulia akasimulia. Alikuwa amejificha kwa shangazi yao, Mwamvua, kule Muheza, na siri hiyo waliijua watu watatu tu: yeye, shangazi, na Tausi. Haikuwahi kutajwa kwenye simu. Asubuhi ile alikuwa anakoroga uji aliposikia sauti ya Mbaruku barazani, anaipaza makusudi mtaa mzima usikie: "Chiku! Uji wa ndimu na pilipili manga umeiva?" Chiku akatokea mlango wa uani, akaruka uzio wa michongoma, akapotelea kwenye michungwa ya watu hadi barabarani, akapata lifti ya lori la machungwa.

"Alijuaje?"

"Kaambiwa. Kajitapa mwenyewe pale nje. Eti kaamka, Jirani lake likamsomea habari za ukoo: shangazi wa mkeo, Muheza, siku hizi anakunywa uji wa ndimu na pilipili manga, je, nawe ungependa kuagiziwa pilipili manga? Dada, nani mwingine duniani anakunywa uji huo?"

Hakuna. Tangu Chiku akiwa mtoto ukoo mzima ulikuwa unamtania kwa uji ule, na wageni wote wa harusi yake waliusikia utani huo, Mbaruku akiwa ameketi mbele yao.

"Na aliyemsomea ni wewe," Chiku akaongeza bila kumtazama. "Sauti yako, dada. Kwa uchangamfu kabisa."

*

Wasioikumbuka enzi ya redio waelezwe kidogo. Zamani habari ilikuwa moja. Ikisomwa saa mbili usiku mji mzima umeisikia, na kesho yake mji mzima unaibishia. Tausi Mhina alisoma habari hizo, pamoja na salamu za wasikilizaji na matangazo ya vifo, katika Redio Kiomoni, mpaka watu wa Tanga wakaizoea sauti yake kuliko sauti za wakwe zao. Kisha kampuni ya Upeo ikaleta kidude cheusi cha ukubwa wa kikombe, ikakiita Jirani. Jirani hakuwa na habari moja. Alitega sikio mchana kutwa, akajua nyumba inapika nini, inacheka nini, inagombania nini, halafu akaipikia nyumba hiyo habari zake yenyewe. Mpenda mpira akapewa mpira. Mwoga akapewa vya kuogopa. Nani tena angesubiri saa mbili? Magazeti yalianza kufungiwa maandazi, baadaye hata ya kufungia yakakosekana. Redio Kiomoni ilizimwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyepiga simu kuuliza kulikoni.

Kikwazo cha Upeo kilikuwa sheria. Sheria ilitaka idhini itoke kinywani mwa mwenye nyumba, kwa sauti. Aliyeijua dawa ya sheria hiyo alikuwa Erasto Kimambo, fundi mitambo wa zamani wa redio ile ile. Ukimuuliza mtu kama anakubali masharti, alisema Erasto, atakuuliza masharti gani. Lakini mpigie hodi uone. Atasema karibu hata kabla hajavaa shati. Basi kila Jirani alipowashwa mara ya kwanza alisema "Hodi" kwa sauti ya Tausi, na nyumba baada ya nyumba ikajibu "Karibu", na karibu hiyo ikahesabiwa kuwa ruhusa ya kusikiliza, kuhifadhi na kugawa.

Tausi aliirekodi hodi ile kwa furaha. Redio imekufa, watu wamemsahau, na huyu Erasto anamwambia kwamba sauti yake itagonga kila mlango nchini. Kusema kweli, alijiona malkia.

Mchana huo huo alimfuata Erasto ofisini, Raskazoni, katika jengo lile lile lililokuwa la redio. Walikuwa wamepaka rangi mpya na kuondoa ubao wa salamu.

"Dada Tausi! Nilidhani tunaonana Jumapili," Erasto alisema akimvutia kiti. Alikuwa mtu mpole, hilo alikuwa nalo siku zote.

Tausi hakukaa. Alimweleza yote, kuanzia uji hadi ndara iliyobaki kwenye michongoma. Erasto alisikiliza akijikuna shingo.

"Hatukutoa jina," alisema mwishowe. "Hatutoi jina la mtu, sheria inakataza. Jirani anabeba mazoea tu. Nyumba fulani imeanza kupenda ndimu, nyumba ya ndugu zao itapenda kujua, na pengine nayo itanunua. Hivyo ndivyo mtambo unavyojilisha. Mazoea si jina, dada."

"Kwa nani? Mimi nimekua kwenye nyumba ambayo mtu anatambulika kwa kikohozi. Uji wa Chiku ni jina lake kuliko lile alilopewa na baba."

"Naielewa hasira yako."

"Huielewi. Ifute nyumba ya shangazi."

"Nikiifuta haisaidii. Mtambo umeshamjua. Chiku akihamia Lushoto, akihamia Songea, ilimradi nyumba ina Jirani na yeye anakula, anacheka, anapiga chafya, siku moja habari zake zitamfikia mtu wake kama habari za ukoo. Haitakuwa makusudi."

Tausi ndipo alipokaa.

Erasto akavuta kiti chake karibu, akashusha sauti. Jumapili, alimkumbusha, idhini ya zamani inakwisha. Bunge limekaza kamba: safari hii anayeomba lazima awe mtu hai, aongee moja kwa moja, na ayasikie majibu kwa masikio yake; kazi hiyo Tausi alikuwa ameshaikubali. Nyumba itakayosema karibu itaendelea kama kawaida. Nyumba isiyosema, Jirani wake atanyamaza, na mazoea yake yote yafutwe.

"Yote? Hata ya Chiku?"

"Nyumba za kutosha zikikataa, mtambo hauwezi kumfuata mtu. Utakuwa na matundu." Akamtazama. "Lakini usiwaze hivyo. Wako wazee wanaokumbushwa dawa na Jirani. Wako vipofu. Ukiharibu Jumapili, Jumatatu wataamka kwenye kimya. Utawajibika na hao?"

"Hamwezi kuwakumbusha dawa bila kuyagawa ya nyumbani mwao?"

"Tunaweza," Erasto alisema, na kwa mara ya kwanza akaangalia pembeni. "Haiuziki."

*

Ijumaa Tausi alikwenda Muheza. Usiku hakuwa amelala, kwa sababu Chiku hakulala. Nyumba ya pili ilikuwa na Jirani, ukuta ni mmoja, na Chiku alikuwa ananong'ona hata anapoomba maji. Asubuhi alikunywa uji wa sukari, anameza huku amekunja uso.

"Nakunywa kama watu," alimwambia dada yake.

Neno hilo lilimfuata Tausi njia nzima. Alifika kwa Shangazi Mwamvua, akasimama barazani, akapiga hodi.

"Si umo humu humu!" sauti kali ikajibu kutoka ndani. "Hodi ya nini tena?"

Tausi alisukuma mlango. Shangazi alikuwa ameketi mkekani, sinia la machungwa mbele yake, anamenya kwa kupapasa maana macho yalikuwa yameingiwa na ukungu. Juu ya kabati la vyombo Jirani alikuwa anazungumza. Alikuwa anamweleza shangazi, kwa sauti ya Tausi iliyotulia na yenye subira ambayo Tausi mwenyewe hakuwa nayo, kwamba leo ni zamu ya kidonge cha manjano.

"Ni mimi, shangazi. Mimi mwenyewe."

"Ooh! Wa kweli!" Shangazi alicheka, akanyoosha mikono yenye maji ya machungwa na kumpapasa uso. Kisha uso wake ukakunjamana. "Chiku yuko wapi? Yule mwendawazimu kanivunjia jagi. Nilimwambia hapa hamna mtu, akanicheka."

"Yuko salama." Tausi akamtupia jicho Jirani, akaachia hapo. Aliinuka, akakibeba kidude na kukipeleka uani, akakifunika kwa beseni, akarudi. Shangazi alisikiliza nyayo zake zikienda na kurudi.

"Unampeleka wapi?"

"Ndiye aliyemwambia Mbaruku."

Akaeleza. Alieleza taratibu, kama alivyokuwa akisoma matangazo ya vifo, ili lisipotee neno. Shangazi aliacha kumenya. Kisha akasema jambo ambalo Tausi hakulitarajia.

"Na ukimwondoa, nani ataniambia cheupe ni kipi na cha manjano ni kipi?"

"Shangazi, Chiku nusura..."

"Nimesikia. Chiku ni mwanangu, nimemlea. Nakuuliza na mimi swali langu. Wewe unakuja Idi hadi Idi. Yule ananiamkia kila siku."

Ilikuwa kweli, na ukweli ulimuuma Tausi kuliko jagi lililovunjika lilivyomuuma shangazi.

"Kwa nini ulimkaribisha?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Maswali gani hayo? Nilimkaribisha nani? Nimekaa hapa, nimesikia Tausi mwana wa kaka yangu anapiga hodi. Ninyamaze? Ninune? Hodi hainyimwi jibu." Shangazi alichukua chungwa jingine, akalichoma kisu kwa hasira. "Mwenye makosa ni wewe. Mtu akija na wenzake anasema, hodi, tuko wawili, tuko watatu, mwenye nyumba ajue anaandaa vikombe vingapi. Wewe ulisema hodi, ukanyamaza. Nikajua uko peke yako."

Akamkabidhi nusu ya chungwa. Lilikuwa tamu, na Tausi alilila akilia.

Alipoondoka, shangazi alimwambia amrudishe Jirani kabatini. Tausi akamrudisha. Hakuona ana haki ya kufanya vinginevyo.

*

Jumapili mchana, watu wakiwa wamekula na kujinyoosha, Tausi aliketi katika chumba kile kile alichosomea habari miaka yote, kipaza sauti kipya mbele yake. Erasto alikaa nyuma ya kioo, kama zamani. Kwenye kioo hicho ilionekana ramani ya nchi, nyeusi; kila mtaa utakaosema karibu ungewaka kijani. Masikioni mwake Tausi angesikia majibu ya nyumba chache zilizoteuliwa kuziwakilisha nyingine zote. Ya Shangazi Mwamvua ilikuwemo. Erasto aliipanga mwenyewe, zawadi kwa Dada Tausi.

"Neno moja tu, dada," sauti ya Erasto ilisema. "Hodi. Lile lile tamu. Halafu tunakwenda kunywa soda."

Tausi alivuta kipaza sauti karibu. Alifikiria kusema kwamba kidude hiki ni shetani, wakivunje. Lakini alifikiria pia kidonge cheupe na cha manjano, na ni watu wangapi wanaopapasa vidonge gizani mchana kweupe, na akajua kwamba akiwatisha atakuwa amewafanyia yale yale: kuwaamulia. Alifikiria kusema hodi tu na kwenda zake. Hapo akamwona Chiku anameza uji wa sukari, kama watu, katika kila nyumba atakayokimbilia hadi azeeke.

Taa nyekundu ikawaka.

"Wenyewe," alisema. "Ni mimi Tausi Mhina, wa Redio Kiomoni ya zamani. Nimesimama mlangoni kwenu."

Nyuma ya kioo Erasto aliinua kichwa. Hilo halikuwemo. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kukata, ukasimama juu yake. Akimkata kabla ya hodi, hakuna hodi, na bila hodi hakuna ombi, na idhini zote zingekufa jioni ile. Ilimbidi angoje lile neno. Tausi alilijua hilo. Walifanya kazi pamoja miaka mingi.

"Mara ya kwanza nilipokuja niliwakosea adabu. Sikusema niko na nani. Leo nasema. Sikuja peke yangu. Nyuma yangu wako watu wa Upeo, na nyuma yao wako wanaonunua mnachokula na mnachosema. Tukiingia tunaingia wote. Tutakayoyasikia kwenu tutayasimulia kwa wengine, na hatutachagua ni kwa nani. Anayekumbushwa dawa na Jirani ajue kwamba asiponikaribisha hatakumbushwa tena. Na hilo ni kweli, sitaki kumdanganya mtu." Alivuta pumzi. "Hodi."

Sauti ya kwanza kumfikia ilikuwa ya mwanamume mchangamfu: karibu, karibu sana! Nyingine ikafuata, ya msichana. Vijitaa vya kijani vikajitokeza huku na huko kwenye ramani, na Erasto akashusha pumzi.

Kisha likaja neno jingine. Mwanamke wa makamo alilisema kwanza, kwa mashaka, kama aliyeshika komeo bila kulifungua.

"Nani?"

"Uko na nani, umesema?" mwingine akauliza.

"Hao wenzio ni akina nani?"

"Nani?"

"Nani?"

Lilimjaa masikioni, nyumba juu ya nyumba, na ramani ikabaki nyeusi. Mtambo ulifundishwa mambo mawili: "karibu" na kimya. Hakuna aliyewahi kuufundisha kwamba mwenye nyumba anaweza kuuliza. Erasto alikuwa anabonyeza huku na kule, anamwambia mtu kwenye simu kwamba hapana, si hitilafu, watu wanauliza.

Halafu Tausi akaisikia sauti aliyokuwa akiingoja.

"Tausi."

"Naam, shangazi."

"Hao uliokuja nao, nawajua?"

"Huwajui."

"Wao wananijua?"

"Wanakujua. Wanazijua hata dawa zako."

Alisikia kisu kikiwekwa kwenye sinia. Tausi hakumhimiza.

"Basi wewe zungukia uani, mwanangu," Shangazi Mwamvua alisema. "Hao waambie sipo."

Sauti ikakatika. Kwenye ramani Muheza haikuwaka. Erasto alivua vipokea sauti vyake, akaviweka mezani polepole, akamtazama Tausi kupitia kioo bila hasira, kama mtu aliyesahau kitu alichokuwa anakijua tangu utotoni.

*

Aliporudi Chumbageni alimkuta Chiku amesimama jikoni, anakamulia ndimu kwenye sufuria ya uji. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa nyumba ya pili, na akasikia pia jinsi Jirani wa nyumba ile alivyonyamaza. Alikunywa bakuli zima akiwa wima. Kesho yake akaondoka. Alikwenda wapi? Hilo halikuhusu, wala halinihusu mimi ninayesimulia.

Upeo walimfuta Tausi kazi, tena kwa ujumbe wa mashine. Hakujali sana. Siku hiyo hiyo alifunga begi lake, akafika Muheza jua likiwa bado juu, akaipita baraza na kuzunguka nyumba hadi mlango wa uani. Ndani kulikuwa kimya kabisa. Kupitia ufa wa mlango alimwona shangazi yake mkekani, kidonge katika kila kiganja, anavipima kwa vidole gumba, kimoja, kingine, tena kile cha kwanza.

"Hodi," Tausi alisema.

Vidole vikatulia.

"Nani?"

"Tausi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, shangazi."

"Haya," alisema Shangazi Mwamvua, akamnyooshea viganja vyote viwili. "Karibu."